Ngamia, Mtoto na Roboti: Ni Nani Atakayeulizwa?

Tunawaomba radhi kina mama waliotutaka tuendelee wiki hii na mada ya malezi ya mabinti. Itarejea, insha'Allah. Tumetoka safari ya Modogashe, na huko tuliulizwa swali na mama mwenzenu ambalo tumerudi nalo hadi pwani bila ya kutua moyoni.

Msomaji ambaye hajafika huko ajue kwamba Modogashe ni mji wa Lagdera, kaunti ya Garissa, pale njia itokayo Garissa kwenda Wajir inapokutana na ile itokayo Isiolo. Si mji wa minazi wala wa bahari. Ni mji wa vumbi, migunga na ngamia. Sisi wa pwani humsoma ngamia katika tafsiri ya Suratul Ghaashiya, pale Mola wetu anapotutaka tuangalie jinsi alivyoumbwa, kisha tukafunga kitabu tukaenda zetu kununua samaki. Kule mtoto wa miaka minane anawajua ngamia wa baba yake mmoja mmoja, na usiku huwatambua kwa mlio wa koor, ile kengele ya mti inayofungwa shingoni.

Tulikuwa tumeketi uani kwa mwenyeji wetu baada ya swala ya Alasiri, chai ya maziwa ya ngamia mbele yetu. Mwanawe mkubwa wa kiume hakuwapo, alikuwa malishoni. Mpwa wa mwenyeji anafanya kazi Doha, naye alikuwa amemtumia mjomba wake video kwenye simu. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Ngamia wembamba wanakimbia uwanjani, shingo zimenyooka, na mgongoni hakuna mtu. Kuna kitu kidogo mfano wa furushi, kimevishwa nguo ya rangi, na pembeni yake fimbo inazunguka na kumchapa ngamia. Kando ya uwanja magari yanakwenda sambamba nao, wenye ngamia wamo ndani, rimoti mkononi. Mzee mmoja akatutaka tumsomee huyo ngamia Ayatul Kursiy, maana amepandwa na jini. Watu wakacheka sana.

Mke wa mwenyeji wetu hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni pamoja na binti zake, na simu ilipomfikia aliitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sheikh, kabla ya hiki kidude kutengenezwa, hapo juu alikuwa akikaa nani?"

Jibu tulikuwa nalo, lakini tulilitoa kwa aibu, kwa kuwa ni habari za Waislamu wenzetu. Hapo juu walikuwa wakikaa watoto. Mbio za ngamia zilikuwa furaha ya mabedui katika harusi na sikukuu zao. Utajiri wa mafuta ulipoingia zikawa shughuli ya fedha nyingi, na wenye ngamia katika nchi kadhaa za Ghuba wakawa wanatafuta mpandaji mwepesi kuliko wote. Hakuna binadamu mwepesi kuliko mtoto. Waliletwa kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania, baadhi yao wakiwa na umri wa miaka minne au mitano. Wako waliotekwa, na wako waliotolewa na wazazi wao wenyewe kwa dalali aliyewaahidi mshahara. Walinyimwa chakula cha kutosha ili wasiongeze uzito. Walianguka, walivunjika viungo, na wengine walikufa chini ya miguu ya ngamia waliokuwa wakija nyuma.

Wala si kwamba hapakuwa na sheria. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu katazo lilitolewa mwaka 1993. Mwaka 2002 likatolewa jingine, kwamba asipande mtoto wa chini ya miaka 15 wala mwenye uzito wa chini ya kilo 45. Karatasi ziliandikwa na watoto wakaendelea kupandishwa. Mwaka 2004 mtetezi wa haki za binadamu wa Pakistan, Ansar Burney, alishiriki katika kuifichua hali ya kambi hizo kupitia filamu iliyoonyeshwa na televisheni ya HBO ya Marekani, na aibu ikaenea duniani. Ndipo mwaka 2005 Qatar ikapitisha sheria ya kuwaondoa watoto, na Falme za Kiarabu nazo zikaweka umri wa miaka 18, zikapatana na UNICEF kuwarejesha watoto makwao. Kutoka Falme za Kiarabu pekee walirejeshwa zaidi ya elfu moja, na zilitolewa fedha za kuwasaidia na kuwafidia.

Kilichowafanya wenye ngamia wakubali safari hii, baada ya kuzipuuza amri za nyuma, ni hiki kidude. Qatar iliipa kazi kampuni ya Uswisi, K-Team, iunde roboti ya kumpanda ngamia. Zile za mwanzo zilikuwa nzito, nazo zilifanywa zifanane na mtu ili ngamia aliyezoea mpandaji asishtuke. Mafundi wakaendelea kuipunguza, mpaka ikawa ya kilo mbili au tatu tu: mota ndogo kama ile ya kekee ya umeme, fimbo, betri, na kipaza sauti ambacho kupitia kwake mwenye ngamia humpigia kelele mnyama wake akiwa garini. Roboti hailii, haihitaji kunyimwa chakula, na ikianguka huokotwa ikatengenezwa.

Mwenyeji wetu akasema, "Basi Alhamdulillahi." Nasi tukasema vivyo hivyo, na mpaka leo twasema. Mwenye kudhani kuwa dini yetu ina chuki na mashine hajaisoma historia yake. Mwaka 1206 fundi wa Kiislamu, Al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Kiartuki huko Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake cha mitambo, na miongoni mwake umo mtambo wa kutawadhia, sanamu inayommiminia mtu maji. Sababu aliyoitaja inatupendeza kuliko mtambo wenyewe: mtawala wake hakupenda kumiminiwa maji na mtumishi. Hatusemi mtawala yule alikuwa walii. Twasema tu kwamba kazi ya fundi ilianzia kwenye mkono wa mtu mwingine, utumike au upumzishwe.

Lakini furaha yetu kule uani haikudumu, kwa kuwa mama yule aliuliza la pili. "Na wale walioanguka kabla mashine haijaja, ataulizwa nani?"

Hapa inatubidi tuwaambie wasomaji jambo ambalo hatukumwambia yeye mara moja. Katika ujana wetu, tukiwa wanafunzi hapa pwani, uliletwa mkanda wa video kutoka Dubai, tukakusanyika chumbani kuutazama. Ulikuwa wa mbio za ngamia. Tulishangilia. Tulichagua kila mmoja ngamia wake. Watoto tuliwaona, tena tuliwaona vizuri, kwani mmoja alikuwa amefungwa kwa kamba asianguke, na mwenzetu akasema kwamba yule ni hodari. Tulikuwa tumekwisha kusoma hadithi ya kila mmoja wetu kuwa mchunga na kuulizwa juu ya anachokichunga. Hatukuiunganisha na kilichokuwa mbele ya macho yetu. Ilipokuja roboti ndipo nasi tukaanza kusema kwa sauti kubwa kwamba kumpandisha mtoto ni haramu. Hilo ndilo lililotutoa jasho kule Modogashe: kwamba amri tuliyokuwa nayo kwa karne kumi na nne ilingoja kipande cha bati na betri ndipo itiiwe.

Aliyemtoa mwanawe kwa dalali ataulizwa. Dalali ataulizwa, na mwenye ngamia, na aliyeketi jukwaani akashangilia. Hivyo ndivyo tulivyomjibu.

Sasa tuitazame roboti yenyewe, kwa sababu kumteremsha mtoto hakukuyamaliza mambo. Mjeledi ulibaki. Mwaka 2011 kulitangazwa habari kutoka Dubai kwamba polisi wamekamata roboti zilizofichwa ndani yake vifaa vya kumpiga ngamia shoti ya umeme ili akimbie zaidi. Mtoto alikuwa na mkono mdogo unaochoka, na ngamia alipata nafuu mkono ule ulipochoka. Mota haichoki. Na mwenye rimoti yuko ndani ya gari lenye kiyoyozi, hasikii pumzi za mnyama. Imepokewa kwamba Mtume wetu (SAW) aliingia bustani ya mtu wa Ansari akamkuta ngamia, na ngamia yule alipomwona akatokwa na machozi. Mtume akampangusa mpaka akatulia, kisha akamtafuta mwenyewe na kumlaumu kwa kumtia njaa na kumchosha. Lawama ile alielekezewa mtu mwenye jina, aliyeitwa akaja akasimama.

Mzee wa Ayatul Kursiy, ambaye sasa alikuwa amelichukua jambo hili kwa uzito, akasema, "Lakini Sheikh, mwenye ngamia atasema si yeye aliyempiga. Mashine ndiyo iliyopiga." Wasomaji, hilo si neno la mzee wa kijijini. Ndilo linalowashughulisha wanasheria wa dunia nzima hivi sasa. Februari 2017 Bunge la Ulaya lilipendekeza lichunguzwe wazo la kuzipa roboti zenye kujiendesha zenyewe hadhi ya nafsi ya kielektroniki, ili zibebe dhamana ya uharibifu zinaoufanya. Oktoba mwaka huohuo, Saudi Arabia ilitangaza kumpa uraia roboti mwenye sura ya mwanamke aitwaye Sophia, aliyeundwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong. Kina mama wengi waliuliza, na walikuwa na haki, imekuwaje sanamu ya mpira ipewe pasipoti mahali ambapo mwanamke mwenye roho alikuwa bado hajaruhusiwa kuendesha gari, ruhusa iliyokuja Juni 2018. Sisi wa pwani tungeongeza letu: tunao ndugu waliozaliwa Ghuba, wakasoma huko, wakazeeka huko, na uraia hawajaunusa.

Katika fiqhi, anayebeba dhamana ya amali zake ni aliyefikiwa na taklifu, mwenye akili na aliyebaleghe. Mtoto kalamu imeinuliwa kwake mpaka abaleghe. Roboti haikupata kuwekewa kalamu hata ikainuliwa. Mwanafunzi mjanja atatuambia: mbona wakfu una mali yake, unadai na unadaiwa, na wakfu si mtu? Kweli. Lakini kila wakfu una nadhiri wake, na nadhiri ana nyumba inayojulikana, tunakwenda kumgongea.

Tena mfano ulio karibu zaidi hauko kwenye wakfu. Uko kwa ngamia. Wanavyuoni wetu wamekwisha kuhukumu juu ya kitu chenye nguvu, kinachokwenda chenyewe, kinachodhuru, na kisicho na akili ya kuulizwa. Imepokewa kwamba ngamia wa sahaba Al-Baraa bin Aazib (RA) aliingia katika bustani ya watu akaiharibu. Mtume (SAW) akahukumu kuwa kulinda bustani mchana ni juu ya wenye bustani, na kulinda wanyama usiku ni juu ya wenye wanyama. Kilichoharibiwa usiku hulipwa na mwenye mnyama. Wasomaji wetu wa Garsen na Hola wanaijua kesi hii bila ya kufungua kitabu, kwa kuwa damu imemwagika baina ya wakulima na wafugaji wa Mto Tana kwa kukosekana hukumu kama hiyo.

Itazameni hukumu hiyo vizuri. Haimuulizi ngamia alikusudia nini. Inauliza saa ile ni nani aliyepaswa kuwa macho. Sisi tunaona, na wanavyuoni wenzetu waturekebishe, kwamba roboti ina mchana wake na usiku wake. Kile ambacho mtumiaji anakiona na anaweza kukizuia ni mchana, na huyo hana udhuru wa kusema mashine ndiyo iliyopiga. Kile kilichofichwa ndani ya programu, ambacho mnunuzi hawezi kukiona hata akikesha, ni usiku, na anayepaswa kuulinda usiku huo ni aliyeiunda na aliyeiuza. Aliyeficha kifaa cha shoti ndani ya roboti na aliyekinunua akijua wamekesha pamoja, na watalipa pamoja.

Usiku huu uko majumbani mwetu pia. Mwaka 2017 Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla, aliyezungumza na watoto kupitia intaneti, kwa kuwa ilionekana mtu wa mbali angeweza kusikiliza yanayosemwa chumbani. Mama aliyemnunulia bintiye mwanasesere hakufanya kosa. Hakuwa na macho ya kuona ndani ya plastiki. Lakini akisha kuambiwa na akaendelea kumwacha kitandani mwa mwanawe, kumekucha kwake.

Na kwa watu wa Garissa, Wajir na Mandera liko jambo zito kuliko mwanasesere. Ng'ambo ya mpaka, vita vya Somalia vinapiganwa pia kwa ndege zisizo na rubani. Aprili 2019 kamandi ya jeshi la Marekani kwa Afrika ilikiri kwamba shambulio lake la angani la tarehe 1 Aprili 2018, karibu na El Buur, liliua raia wawili. Walikuwa mama na mtoto wake mdogo. Kukiri kulikuja baada ya mwaka mzima. Tumesema tangu mwanzo kuwa mwenye rimoti yupo. Katika mbio za ngamia yuko umbali wa mita chache, na mtu anaweza kumwendea. Katika vita hivi yuko ng'ambo ya bahari, na baina yake na yule mama kuna watazamaji wa picha, wahesabuji, watoa amri na waunda mitambo, kila mmoja akiwa na kipande chake kidogo cha jambo. Mjane wa kiume hajui amgongee nani. Hatusemi haya kwa kuwatetea wanaoua watu misikitini, sokoni na vyuoni. Garissa imewazika wanawe kwa mikono yao, na dhuluma ile inajulikana. Twasema kuwa chombo kisiundwe kwa namna ambayo mwenyewe hapatikani. Mwenye kuweka watu kumi baina yake na damu ameongeza wa kuulizwa, hajajipunguza.

Jua lilikuwa linazama tulipofika hapo. Tukasikia koor kwa mbali, kisha mavumbi, kisha kijana wa mwenyeji wetu akaingia na ngamia, fimbo mabegani, miguu imepasuka. Umri wake haukupita miaka kumi na mmoja. Asubuhi ile tulikuwa tumeizuru madrasa ya mji na kumsikia mwalimu akilitaja jina lake miongoni mwa waliosimama kuhifadhi. Alikuwa ameishia katikati ya juzuu ya pili. Hatukulisema hilo mbele ya wageni. Mwenyeji wetu mwenyewe ndiye aliyelileta, kwa mzaha.

"Sheikh, ukiwapata hao wa Qatar, waambie watuletee roboti ya kuchunga, na huyu naye arudi chuoni."

Tukamuuliza, "Ikija hiyo roboti, na ngamia akazaa porini usiku, nani atakuwa naye?"

"Mimi," akasema. "Mashine itajua nini?"

"Na fisi wakija?"

"Mimi."

"Na kisima kikikauka, nani atakayeamua waende upande gani?"

Akacheka. "Mimi, Sheikh. Nani mwingine?"

Mkewe, ambaye alikuwa amesimama kumpokea kijana maji ya kunawa, akasema bila ya kugeuka, "Basi baba watoto, unaingojea ya nini?"

Mwenyeji wetu hakujibu. Alisogeza kikombe chake kuongezwa chai, na kijana akaenda kuwafunga miguu ndama wa ngamia kabla ya adhana ya Magharibi.